Kaka, ni kweli nilimwona pale Himo

Kaka mambo vipi, poleni na baridi ya huko Arusha. Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu na matusi yote nimeyapokea, nastahili. Ni kweli yule deiwaka wako, dereva wa kushikia aliyetokomea na pikipiki, nilimwona pale Himo wiki mbili zilizopita, na ni kweli Jumapili ile tulikaa na we tukanywa chai thamosi nzima ikaisha mi nimefunga mdomo. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia hutonipa nafasi ya kumaliza sentensi, nakujua.

Naanzia mbali kidogo, vumilia. Unajua pale saluni nimeweka tivii, na kwenye flashi nina katuni, maana mtoto ukimnyoa bila katuni analia mpaka wateja wanahama. Sasa Jumamosi ikaingia Batman, ile ya zamani iliyoanza 1992, yenye michoro ya giza giza, ikafika ile stori ya sehemu mbili ya Robin, yule dogo anayetembea naye. Mi nilijua ni ya watoto tu kumbe ilipewa hadi Emmy, ile tuzo kubwa ya tivii ya Marekani, mwaka 1993, na ukiiangalia unaelewa kwa nini.

Wazazi wa Robin walikuwa wanasarakasi, wale wa kuruka juu kwenye bembea. Jambazi mmoja anaitwa Zucco akaenda kudai hela ya ulinzi, mzee Haly mwenye sarakasi akamtimua, jamaa akaichezea kamba ya bembea. Baba na mama wakaanguka mtoto anaona. Miaka imepita, Robin kashakuwa kijana, jina la Zucco likaibuka tena, Batman akamwambia leo we baki. Hamwambii kwa nini. Dogo akaja kujua mwenyewe, akapandwa na hasira hizi hizi zako, akachukua pikipiki akaenda.

Akampata bwana. Akamning'iniza ukingoni mwa gati, chini maji, na Batman kaumia mguu hawezi hata kumvuta. Saluni nzima ikanyamaza, na mashine nikazima. Fundi pikipiki wa jirani anapiga kelele "mwachie! mwachie aende!" na hakuwa anamaanisha amsamehe. Batman anamwambia inatosha, Robin anamfokea kwamba we una moyo wa jiwe, unajuaje mi najisikiaje. Af anakumbuka anaongea na nani, mtu ambaye na yeye wazazi wake walipigwa risasi akiwa mtoto. Akamkabidhi Zucco kwa polisi. Fundi alikasirika kaka, akasema katuni imeharibika mwishoni.

Ila mi iliyonikaa siyo hiyo ya gati. Mwishoni Robin anakubali kwamba labda kweli jambo lilikuwa linamgusa sana, ndo maana aliachwa, Batman anamwambia hapana, haikuwa hivyo kabisa, niliogopa huyu mtu ameshakuchukulia vingi, nisingevumilia akuchukue na wewe. Na kuna sehemu nyuma huko, Robin bado mtoto, Batman karibu amkamate Zucco, mtoto akatumbukia mtoni anapelekwa na maji. Akamwacha jambazi akafuata mtoto. Miaka yote ile Zucco alikuwa nje kwa sababu hiyo.

Sasa ndo unielewe. Pale Himo sikuogopa kwamba utampiga, apigwe tu, mkataba ulikuwa umebakiza miezi miwili pikipiki iwe yako halafu mtu anatokomea nayo, hata mi nilitamani kushuka kwenye Noah nimkabe. Niliogopa vijana wa kijiwe chako. Unawajua wakianza hawana breki. Na unakumbuka yule aliyeiba simu sokoni, mwaka ule tumemaliza form four. Watu wanapenda kusema mara nyingi anapigwa asiye na hatia, haya, yule alikuwa mwizi kweli, tulimwona. Mi nilirusha jiwe moja na we ulirusha, hatujawahi kuliongelea mpaka leo. Kesho yake redio ikasema "wananchi wenye hasira kali", nikajiuliza hasira yenyewe ilikuwa ya nani, simu haikuwa yangu wala yako, na mwenye simu hakuipata. Mi nakumbuka ndala yake moja tu, ya bluu, imebaki kwenye mtaro.

Safari hii ingekuwa pikipiki yako, jina lako, na watu ulioenda nao wewe. Wakija kuulizwa nani aliwaleta, nani atatajwa? Mama yako na sukari yake hiyo nani atampeleka kliniki?

Kukuficha nilikosea lakini. Batman pia alikosea kumficha yule dogo, ndo maana alienda peke yake na hasira mbili badala ya moja. Ningekwambia siku ile ile af nikukamate mkono.

Kwa hiyo, safari uliyopanga ya Jumamosi na vijana kumfuata naomba uifute. Njoo Alhamisi na basi la asubuhi, ukifika stendi Moshi nipigie, nafunga saluni tunaenda wote. RB, ile namba uliyopewa polisi ulivyoripoti, si unayo bado? Kadi ya pikipiki iko kwa bosi aliyekupa mkataba, mwombe leo leo, polisi watataka namba ya chesisi, hawataki stori. Na kijana nilimwona amekaa juu ya pikipiki yenyewe, ile stika ya Simba haijatoka, kwa hiyo ushahidi unatembea nao mwenyewe mjinga yule. Tukishafika kwa polisi wa pale mi naongea, we utakaa nje.

Mama yangu kasema ukija atapika kiburu, zile ndizi na maharage, na amekukasirikia hujamsalimia tangu Pasaka. Helmeti yako bado imening'inia hapa saluni, watoto wanaivaa wakisubiri zamu.

Wako, kinyozi