Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama Chetu cha Kufa na Kuzikana, Tabora

Ndugu wanachama, Tumsifu Yesu Kristo.

Hesabu za mwaka 2025 atazisoma mhazini, na daftari liko mezani kwa atakayetaka kulikagua mwenyewe. Mimi niseme tu kwamba tumezika mara nne, wagonjwa tumewafikia, na michango ilisuasua miezi ya kilimo, ikachangamka tumbaku ilipouzwa. Ni yaleyale ya kila mwaka.

Ninalotaka kulizungumza ni jeneza.

Wengi wetu tulikuwa mbele ya televisheni Jumamosi ile ya Aprili 26, sikukuu ya Muungano, Papa Francisko alipozikwa. Kwetu hakuwa mtu wa mbali: ndiye aliyemvika Askofu Mkuu wetu, Protase Rugambwa, kofia ya ukardinali Septemba 30, 2023. Siku ile macho yangu hayakutoka kwenye sanduku. Zamani Papa alizikwa katika majeneza matatu, moja ndani ya jingine. Yeye mwaka 2024 aliubadilisha utaratibu: jeneza moja la mbao, ndani bati la zinki, basi. Na katika wosia wake wa Juni 29, 2022 aliagiza azikwe ardhini, kaburi lisiwe na nakshi, na juu yake liandikwe neno moja tu, Franciscus. Wala hatukupaswa kushangaa. Huyu ndiye aliyeacha makazi ya kipapa akaishi nyumba ya wageni ya Mtakatifu Martha, ndiye aliyepiga magoti mwaka 2019 akabusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini, akiwasihi wasirudi vitani. Alizikwa kama alivyoishi.

Sasa tuje kwetu. Msiba wetu wa tatu ulikuwa Agosti. Familia ilitaka jeneza la kioo lenye vishikio vya rangi ya dhahabu, liagizwe Mwanza. Kamati ilisita. Mimi nikasema tusimwaibishe marehemu, nikasaini mkopo kutoka mfuko wetu. Ya Aprili nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, na bado nikasaini.

Siku ya arobaini nilikwenda kumsalimia mjane. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Cherehani yake haikuwepo barazani. Sikuuliza. Alisema mwenyewe bila kuinua uso: "Mzee, mwenye maturubai alikuja tena jana." Lile jeneza tulilitazama kwa saa mbili, tukalifukia.

Kosa hilo ni langu, na katibu aliandike hivyo, asiliweke kwa familia. Kamati inaomba mkutano huu ufute deni la mjane, maana katiba yetu hairuhusu kamati kulifuta peke yake. Pia inapendekeza chama kilipie jeneza la aina moja kwa kila mwanachama, mwenye cheo na asiye nacho, lichongwe na fundi wa hapahapa mjini. Fundi anasema mninga ukikosekana paini inafaa, mchwa hawachagui.

Najua wapo watakaonung'unika kwamba tunadharau wafu. Majirani zetu Waislamu huzika kwa sanda, mara nyingi siku hiyohiyo, na sijasikia mtu akisema hawakumpenda ndugu yao.

Jioni alipochaguliwa, Machi 13, 2013, Papa Francisko aliinamisha kichwa akaomba watu wamwombee kwanza, ndipo akawabariki. Nami kabla sijawaomba kura zenu kwa hayo mawili, naomba mnisamehe kwa ile sahihi. Anayetaka kunisema asimame, muda upo.

Jingine dogo: masufuria mawili makubwa ya chama hayajarudi tangu msiba wa nne, na mwiko mmoja. Aliye nayo ayarudishe kwa mtunza stoo kabla ya Jumapili. Hatutauliza yalikuwa wapi.