Mitishamba ya uani, masika hadi kiangazi

Malindi

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Barua yako ya kutoka Lamu imefika, na picha za mnanaa uliokufa nimezitazama vizuri. Wewe wadhani ni jua, lakini huo haukuuliwa na jua. Angalia majani: yameungua kuanzia nchani, kingo zimekuwa kahawia, na juu ya udongo pana ukoko mweupe. Hiyo ni chumvi. Maji ya kisima cha hapo mtaani yakikauka, chumvi hubaki ndani ya ndoo uliyopandia. Jani likinyauka, wewe waongeza maji yale yale, na chumvi nayo yazidi.

Kwa hivyo gawa maji. Mnanaa na rihani wape ya mvua, au ya mfereji (bomba) yatokayo kijiji cha Shela. Ya kisima mwachie mshubiri, ambao hustahimili. Kila mwezi osha udongo: mimina maji baridi (yasiyo na chumvi) polepole mpaka yatoke chini, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chombo. Ndoo ya lita 10 inataka lita 20. Zikinyesha za masika, toa ndoo zote nje ya kivuli, mvua ikufanyie bure. Kusi likianza kuvuma, kinga upande wa bahari kwa makuti, maana upepo nao hubeba chumvi.

Udongo changanya hivi: sehemu 2 za udongo wa shamba, 1 ya mchanga wa bara, 1 ya samadi ya punda. Punda hamkosi huko, lakini samadi mbichi huunguza mizizi na kuotesha magugu. Irundike, ilowanishe, ifunike miezi 3. Mchanga wa ufuoni usiuguse. Na tafadhali acha kutia jivu la jikoni! Udongo wa pwani una chokaa ya kutosha kwa sababu ya matumbawe. Ukiongeza jivu, mmea hushindwa kupata madini ya chuma, na utaona majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa yake ni kijani.

Rihani haitaki kusubiri msimu, ila haidumu. Sia mbegu chache kila baada ya wiki 6, uzifunike kwa vumbi la udongo tu. Siku 5 hadi 10 zimeota. Mche ukifika shibiri moja, ukate kichwa juu ya jozi ya pili ya majani, utachipua matawi mawili. Vikonyo vya maua vidonoe mapema, kwani ukiiacha itoe mbegu majani huwa madogo na machungu.

Manjano ndiyo isiyokubali kupandwa mwaka mzima, na hapo ndipo wengi hukosea. Ipande Aprili: kipande cha tunguu chenye macho mawili, kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 30, chini ya mgomba au mnazi. Inakaa miezi 8 hadi 10. Kufikia Desemba au Januari majani hugeuka njano na kulala. Mtu akiona hivyo hudhani ni kiu, akamwaga maji, na matunguu yakaoza ardhini yakiwa yameshaiva. Yakianza kulala, acha maji kabisa, majani yakauke, kisha chimba. Vipande vinono weka kivulini uwe na mbegu ya Aprili.

Mchaichai hauna maneno. Kata sentimita 10 juu ya udongo kila miezi miwili, na shina likisongamana baada ya miaka 2 au 3, ling'oe uligawe.

Kitoto cha mshubiri kikichomolewa kilaze kivulini siku 3 jeraha likauke, la sivyo kitaoza. Jani ukilikata lisimamishe dakika 15 ule utomvu wa njano utoke wote. Huo huharisha vibaya, na mjamzito asiunywe kabisa.

Vidukari vikija, twanga gramu 50 za kokwa za mwarobaini, loweka usiku kucha ndani ya lita 1 ya maji, chuja, tia tone la sabuni. Pulizia jioni, tena chini ya majani. Jua huivunja nguvu dawa hiyo.

Kukausha ni kivulini, tabaka moja juu ya ungo, mpaka kikonyo kikikunjwa kivunjike. Masika hewa ni nzito na majani hushika ukungu, kwa hivyo wakati huo tumia mabichi.

Vichipukizi vya mchaichai natia keshokutwa kwenye basi la Mokowe, penye gati ya kuvukia Lamu, vimefungwa kwa gunia lililoloweshwa. Vikifika usivipande jua kali. Visimamishe ndani ya maji baridi hadi magharibi, ufupishe majani yabaki shibiri moja, ndipo uvitie udongoni.

Wasalimie wote nyumbani.

Sahibu yako wa Malindi