Kabla hujafungasha picha zako

Ipagala, Dodoma
6 Julai

Kwako Zuhura,

Salamu za kipupwe. Huku asubuhi maji ya bomba yanauma vidole, naosha brashi huku nimevaa soksi na sweta la Baba Neema. Watoto wazima. Mimi nina mafua ya vumbi, lakini hayo nimeshayazoea kama mpangaji asiyehama. Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule binti wa chuo, na ile khanga pia. Asante, rangi umeipatia.

Umeniuliza jambo moja kwa kurasa nne: uje maonyesho ya Nane Nane na picha zako za kuchora au usije? Njoo. Banda nimeshalilipia pale viwanja vya Nzuguni, tutagawana. Najua unawaza kwamba pale watu wanakwenda kuangalia ng'ombe wa maziwa, mbegu na matrekta, na picha ya mafuta itaonekana kama bibi harusi aliyepotea njia. Kweli itaonekana hivyo. Lakini mtu aliyefunga safari kutoka Manyoni au Mpwapwa na pesa ya kutembelea mfukoni ni bora kuliko ukuta wa hoteli unaosubiri mgeni asiyekuja.

Nianze na upepo, maana ndiye mteja wa kwanza kufika na haombi punguzo. Mwaka juzi nilisimamisha picha kwenye stendi za miti myepesi, nikazipanga kama wanafunzi kwenye mstari. Saa nane mchana kikaja kisulisuli. Picha nne zikanyanyuka. Tatu niliziokota kwenye banda la mbegu za alizeti. Ya nne, ile ya bibi anayetwanga uwele, ilitua kwenye karai la mama anayekaanga mihogo. Nilimlipa mafuta yake, na picha nikamwachia kwa aibu. Akaipangusa, akaitundika juu ya benchi la wateja wake, doa la mafuta na vyote. Mwaka jana watu watatu walifika bandani kwangu wakisema wametumwa na mama mihogo. Sijawahi kupata tangazo zuri kuliko lile, na limenigharimu lita mbili za alizeti.

Siku hizi stendi sitaki kuzisikia. Fundi amenitengenezea fremu mbili ndefu kama mlango, nikazikaza wavu wa chuma, ule wa banda la kuku lakini wenye uzi mnene. Picha zinaning'inia kwa vipande vya waya, na upepo unapita kwenye matundu bila ugomvi. Kila mguu nimeufunga ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Hizo ni kilo 20 kila mguu, na jioni maji yaleyale tunanawia. Wewe usilete stendi hata moja.

Turubai nalo lina mambo. La kwanza nililonunua lilikuwa la bluu, lile la kufunikia mizigo ya lori, nikaona nimebahatika bei. Bwana mmoja akanunua picha ya mibuyu jioni, kesho yake asubuhi karudi nayo. Hakuwa na hasira, alikuwa na mashaka tu: "Mama, jana mibuyu hii ilikuwa na kijani cha baridi, nyumbani imekuwa ya njano." Nikaiangalia nje, nikaiangalia chini ya turubai, nikaona amesema kweli. Bluu ilikuwa imemwagika juu ya kazi zangu zote siku nzima, nami nimekaa chini yake kama samaki kwenye maji. Nilimrudishia pesa yake. Turubai liwe jeupe, Zuhura. Na kwa sababu mwezi wa Agosti jua bado linapita upande wa kaskazini yetu, mgongo wa banda tutaugeuzia kaskazini, uso uangalie kusini. Hapo picha zinakaa kivulini tangu asubuhi hadi jioni, na mteja hakunji uso. Zile zako zenye kioo zitakuwa na kazi kidogo, kioo nje ni kioo cha kujitazamia. Watu watasimama, utafurahi, kumbe wanarekebisha vilemba.

Halafu mbao. Wewe unakaa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, mbao zenu zimelala na unyevu. Zikifika kwenye ukame huu zinasinyaa, kona za fremu zinafunguka, na unaweza kupitisha shilingi kwenye ufa. Ilinitokea na fremu nilizotengenezesha huko kwenu nilipokuja msibani. Kwa hiyo viringisha kanvasi zako, uso utazame nje ili rangi isijikunje na kupasuka, zifunge kwenye bomba la plastiki, panda nazo treni. Fremu tutapiga hapa. Na usiniletee picha ya mafuta uliyoimaliza juzi! Ya mafuta yenye rangi nene inachukua miezi kukauka mpaka ndani, na vumbi la Nzuguni halisubiri. Leta za akriliki, zinazokauka upesi, au za mafuta za mwaka jana.

Sasa bei, na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko kote.

Maonyesho yangu ya kwanza sikuandika bei. Nilidhani ni heshima, picha si nyanya. Watu walipita, wakatazama kwa mbali, mikono nyuma. Nikajisemea watu wa kanda ya kati hawapendi sanaa. Hadi mzee mmoja wa Kigogo, shuka begani na fimbo mkononi, aliposimama karibu dakika kumi mbele ya picha ya ng'ombe wanaokunywa kwenye bwawa. Nikamwamkia "Mbukwa", akaitikia vizuri, tukaulizana ya nyumbani. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kiingilio cha kutazama ni kiasi gani?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Siku nzima nilikuwa nawalaumu watu kwamba hawanunui, na hawakujua hata kama kitu kinauzwa. Wengine waliodhani kinauzwa waliogopa kuuliza, maana ukiuliza bei ukaambiwa laki tatu mbele ya mkeo na jirani yako, unaondokaje? Mtu haogopi bei peke yake, anaogopa kuaibika mbele ya bei. Tangu siku hiyo kila picha ina kipande cha kadi chini yake: jina la picha, rangi iliyotumika, bei kwa tarakimu kubwa. Kadi za salamu 5,000, nakala zilizochapishwa 15,000, michoro midogo 60,000, za kanvasi kuanzia 150,000. Yule mzee? Alichukua kadi ya ng'ombe. Alinilipa kwa noti ya elfu tano iliyokunjwakunjwa.

Wataomba upunguze tu, hata ukiandika kwa wino wa dhahabu. Mimi bei siishushi, naongeza kitu. Nasema, "Hiyo ndiyo bei, mama, ila nitakuongezea kadi mbili." Anayeondoka amepewa anaondoka ameshinda, nami sijamwambia aliyenunua jana kwamba alipunjwa. Uniwie radhi kama naongea kama mfanyabiashara wa sokoni. Tulipokuwa shule ulisema wewe hutauza kamwe, utachora tu. Nakumbuka.

Na usikae nyuma ya meza. Ukikaa na simu, mtu anaona kama anakatiza. Ukisimama na kumwambia "Karibu dada, nikusaidie nini?" anakimbia. Chora. Kaa kwenye kigoda pembeni, piga mchoro mdogo wa kalamu, wa mbuzi wa banda la jirani au wa yule mama na mihogo yake. Watoto ndio wa kwanza kuja, nyuma ya mtoto kuna mzazi, na mzazi hawezi kumvuta mtoto bila kuinua macho. Mimi nikifikia kuchora macho ya mbuzi huwa nataja kwa sauti ninachofanya, utadhani najisemea. Hiyo ni hila, nakiri.

Umeuliza pia kama ulete picha za Tingatinga kwa sababu "ndizo watu wanazozijua". Zuhura, wewe na zile nukta zao wapi na wapi? Tingatinga mwenyewe, yule bwana wa Tunduru, alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi kwa sababu ndizo alizozipata, na kazi zake ziliuzwa nje, kando ya duka la Morogoro Stores kule Oysterbay, kabla hajafariki mwaka 1972. Hata jina la mji wako lilikuwa pale. Ukitaka kumfuata, fuata hilo la kuuza nje kwa ulichonacho, chui wake waachie wanaomjua.

Mimi mwenyewe lakini sina mdomo wa kusema. Nina tembo wangu. Unajua wanavyosema jina Dodoma limetoka kwenye "idodomya", imezama, kwamba tembo alikwenda kunywa akanasa kwenye tope. Nilimchora mara moja kwa utani. Basi watumishi waliohamia na ofisi, wageni wa Bunge, wahadhiri wa UDOM, kila mtu anataka tembo anayezama. Nimemzamisha yule mnyama mara 11 sasa. Mara ya tisa nilimwachia mkonga nje kwa huruma. Analipa ada ya Neema, siwezi kumsema vibaya, ila nikimaliza kila mmoja nakaa siku mbili bila kushika brashi, halafu nakwenda kwenye picha zangu za Kolo, kule kwenye michoro ya kale ya miambani.

Hizo lazima uzione. Nilipanda basi la Kondoa mwaka jana, nikapanda na kilima kwa miguu. Watu warefu, wembamba, wekundu, vichwa kama vichaka, wamekaa kwenye mwamba miaka isiyohesabika. UNESCO imeiweka michoro ile kwenye urithi wa dunia tangu 2006, na hakuna hata mmoja wenye sahihi. Nilikaa pale nikafikiria ninavyohangaika kuandika jina langu pembeni kwa rangi inayoonekana lakini isiyosumbua.

Nikarudi nikajuta kuwa sikuliandika kubwa zaidi. Picha yangu moja ya Kolo niliiuza vizuri tu kwa ofisi moja, sitaitaja. Desemba nikaiona kwenye kalenda. Ukutani kwa kinyozi! Wameichapa, wameikata upande wenye jina langu, wameweka nembo yao. Nilipokwenda waliniambia, kwa upole kabisa, "Lakini dada, si tuliinunua?" Waliinunua kanvasi, hawakununua haki ya kuchapa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inasema hivyo, na haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Shauri bado linakwenda polepole, wananiita, naenda, faili haionekani. Kwa hiyo sasa kwenye kila stakabadhi naandika mstari mmoja: mnunuzi amenunua picha, haki ya kunakili imebaki kwa mchoraji. Nimekuandalia kitabu chako cha stakabadhi chenye mstari huo. Kazi zako zipige picha zote kabla hujaziviringisha, na kama unaweza kupita COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kuzisajili, pita.

Mengine ni madogo. Lipa namba yako iandike kubwa uitundike, na chenji uje nayo, kwa sababu mtandao ukielemewa na watu uwanja mzima unakuwa maskini kwa saa nzima. Leta daftari la majina. Nusu ya mauzo yangu ya mwaka jana hayakufanyika uwanjani. Mtu aliiona picha Agosti tarehe 5, hana kitu, akaniachia namba. Mishahara ilipotoka nikamtumia picha ileile kwenye WhatsApp na neno moja tu, "Bado ipo." Wawili walikuja nyumbani kuichukua, mmoja alinikuta nafua.

Zile picha zako za wanawake wa mto Ngerengere wanaofua, leta zote sita. Ile uliyosema imeharibika, ambayo maji yametoka mekundu, ndiyo ninayoitaka mbele kabisa ya banda. Huku ukiweka maji mbele mtu anasimama, hata kama ni ya rangi.

Niambie siku ya treni nije stesheni na bajaji ya shemeji. Na kama mkono utakuwa na nafasi, chane mbili za ndizi za Matombo. Za hapa zinafika zimechoka. Zabibu nitakulipa, za msimu wa Agosti zitakuwa zimeanza.

Wako,
Mama Neema

Fundi anauliza vipimo vya fremu. Nimemwambia sentimita 60 kwa 80. Kama nimekosea nipigie kabla ya Alhamisi, hajakata mbao.