Asante mama wa stendi ya Mbezi

Mama uliyevaa kitenge cha bluu pale Stendi ya Magufuli Mbezi, jina sikukuuliza na sijui kama utaiona hii. Mi ndo yule kijana niliyetoka Mbeya, zaidi ya kilomita 800, nakuja Dar kuanza kazi yangu ya kwanza, simu imezima chaji, usiku umeingia, nimekalia begi naomba kimoyomoyo tu. Ukanipa simu yako nimpigie mjomba, ukaninunulia chai na chapati, ukasema "mwanangu hulali hapa", ukakaa na mimi mpaka alipofika, na basi lako la Moro likakuacha! Huku kanisa jipya, kwaya mpya, kila kitu kigeni, ila nikipiga magoti lazima nikutaje. Asante sana mama, Mungu akutunze wewe na wanao.