Barua kwa binti yangu anayekwenda Kasulu

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na picha za kipande cha babu yako pia, ile kadi yake ya kazi ya mkonge. Mama yako ananiambia tiketi ya treni umeshakata, kwa hiyo siandiki kukuzuia. Nakuomba jambo moja tu: ukifika Kasulu, kwao babu yako, usitaje shamba. Usiulize mipaka, usiulize nani analima pale alipolima babu, usipige picha migomba ya watu. Mjukuu akitokea Tanga baada ya miaka yote hii, daftari mkononi na simu inarekodi, watasema huyu kafuata urithi.

Umenilaumu kwamba sikukusimulia. Hukuniuliza, mama. Likizo ulikuwa ukija unashinda kwa shangazi zako. Na mzee mwenyewe hakuwa msemaji. Nilichokuwa nakiona ni mikono yake: maji ya mkonge yanawasha, na yeye hata alipoacha kukata alikuwa akijikuna na kujipaka mafuta ya nazi kila jioni. Sasa wewe ndiye unayenieleza mimi habari za baba yangu. Haya, vizuri. Msikitini nimeshawaambia wote kwamba binti yangu anasoma majalada.

Kipande nimekitazama mpaka macho yameuma. Visanduku 30, kila kimoja siku ya kazi, na karani hatii alama mpaka umemaliza mizigo ya majani uliyopangiwa. Vikijaa vyote ndipo unalipwa. Wewe umeona visanduku vimerukwa, ukaandika pembeni, "huenda alikuwa mlevi." Futa hilo. Mtu wa kambini alikuwa na homa, alikuwa na kibustani chake cha mihogo, alikuwa na mwenzake wa kuzika. Unamhukumu babu yako kwa visanduku vitupu? Futa, halafu unionyeshe ulipofuta.

Hayo ya posho uliyoyakuta Nyaraka za Taifa, pale Upanga, ndiyo yaliyonichekesha. Unga, maharage, chumvi. Unga, maharage, chumvi. Kumbe ndiyo maana mzee hakugusa maharage nyumbani kwake! Bibi yako alidhani anadharau mapishi yake, na wakanuniana kwa hilo mpaka uzeeni. Laiti angalikuwa hai nimsomee.

Jina lililoandikwa kwenye kipande usilitegemee sana. SILABU, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mashamba ya mkonge, tangu ilipoanzishwa mwaka 1944, ilikuwa ikiwakusanya watu huko bara, Waha, Wabena, Wangoni, na kuwapokea Korogwe, na karani akaandika alivyosikia. Kwao hawatamjua kwa jina hilo. Uliza kwa jina la baba yake na ukoo wake, nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Wala usitafute kilima ulichotajiwa ukidhani utaikuta nyumba. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwatoa watu kwenye makazi yao ya zamani ikawapanga vijijini. Kwa hiyo hilo shamba lenyewe leo ni la nani? Ndiyo maana nasema usilitaje, hata kwa mzaha, hata wao wakianza.

Tena kuna hili. Wazee wa kambini walikuwa wakimtania mzee kwamba ameacha mke kwao Buha, naye alikuwa anacheka tu, hakani. Ukimkuta mtu mzima mwenye paji la uso kama langu, msalimie kwa heshima, mwite baba mkubwa, na daftari libaki mkobani. Akikuuliza mbona mimi sikuja, mwambie magoti. Magoti yameanza juzi, lakini wewe mwambie hivyo.

Usiende mikono mitupu. Sukari, sabuni, kitenge kwa kina bibi. Vaa vizuri, hayo masuruali yako acha Dar.

Hapa upepo umeng'oa mabati mawili ya jikoni, na mama yako anapika kwa mwamvuli. Fundi hataki kupanda bila kushikishwa nusu. Mdogo wako kamaliza mitihani, sasa analala mpaka jua la saa nne. Mpigie simu umkaripie, mimi hanisikii. Mbuzi mweupe kazaa.

Ile pesa ya mabati itume kabla hujapanda treni, maana ukishavuka Dodoma simu yako haipatikani na mvua haitakungoja.

Baba yako,
Muheza