Barua kwa mwanangu: waachie watu pa kupiga makofi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sote hatujambo. Bibi yako amerudi kutoka kliniki, magoti yanampa nafuu kidogo, na mahindi ya nyuma ya nyumba yameanza kubeba.

Ile rekodi ya kwaya yenu ya Jumapili nimeisikiliza mara nne, mbili kwenye simu na mbili kwenye spika ya kaka yako. Vidole vyako vimekomaa, binti yangu. Nimepiga kinanda usharikani kwetu miaka kumi na tisa, na ule mpito uliouweka kabla ya kiitikio sikuwahi kuuweza. Ila kuna jambo nimelisikia, na naona ni mimi wa kukuambia: huachi nafasi. Waimbaji wakivuta pumzi, wewe umeshaijaza pumzi yao kwa noti. Kinamama wa safu ya mbele walianza kupiga makofi kwenye ubeti wa pili, halafu wakaacha. Hawakupata pa kuyaweka.

Basi nataka ukae na mpiga piano mmoja mpaka mwezi uishe: Ramsey Lewis wa Chicago. Alizaliwa 1935, akafariki Septemba 2022. Baba yake aliongoza kwaya ya kanisa, naye akaanza kufundishwa piano akiwa na miaka minne. Alisoma muziki wa kilasiki, kanisani akapigia nyimbo za injili, na ukubwani akaingia kwenye jazi akiwa na vyote viwili mkononi. Wewe uliyekulia kwenye benchi la kwaya utamwelewa haraka.

Anza na albamu ya The In Crowd. Ilirekodiwa Mei 1965 mbele ya watu, katika klabu ya Bohemian Caverns kule Washington, ukumbi wa chini ya ardhi uliopambwa kama pango. Walikuwa watatu tu: Lewis kwenye piano, Eldee Young kwenye besi, Redd Holt kwenye ngoma. Wimbo wenyewe wa The In Crowd ulikuwa wa mwimbaji Dobie Gray, umetamba redioni miezi michache kabla. Lewis alikuwa akisimulia kwamba walikuwa wanatafuta wimbo mmoja wa kuchangamsha watu, na mhudumu wa mgahawani ndiye aliyewatajia huo. Ulipotoka kwenye sahani ya santuri ulifika nafasi ya 5 kwenye chati ya Billboard ya Marekani, jambo la nadra kwa jazi isiyo na mwimbaji, na ukawapa tuzo ya Grammy.

Vaa hedifoni uusikilize hivi. Mara ya kwanza iache piano, fuata makofi. Hesabu moja, mbili, tatu, nne: yanaangukia kwenye mbili na kwenye nne, na hayalegei. Utasikia watu wakipaza sauti kama waumini wanaomwitikia mhubiri. Mara ya pili ndipo umfuate Lewis. Anatamka kifungu kifupi, ananyamaza. Katika ule ukimya besi inatembea, makofi yanapita, mtu anapiga kelele ya furaha, ndipo anatamka kifungu kingine. Kuna mahali anashusha sauti hadi unahisi ukumbi mzima umeinama kumsogelea, halafu anapanda nao kidogo kidogo. Ninachompendea ndicho hicho: watu wa ukumbini ni chombo cha nne, na yeye anawahesabia nafasi yao kama anavyoihesabia besi.

Jingine liko kwenye vidole. Jaribu mwenyewe kwa ufunguo wa C: gusa kibonyezo cheusi kilicho kushoto tu mwa mi (noti ya E), kisha uteleze upesi hadi mi yenyewe, kwa kidole kilekile. Ule mtelezo ndio unaoifanya piano iimbe kama mama anayevuta sauti kwenye wimbo wa msiba. Ukiuweka kila mahali utachosha. Mmoja kwa mistari miwili unatosha.

Usiishie kwenye wimbo uliobeba jina la albamu. Humo humo kuna Come Sunday ya mtunzi wa jazi Duke Ellington, wimbo wa sala, wa taratibu. Usiku, kabla hujalala, ndiyo saa yake.

Albamu ya Hang On Ramsey!, nayo ya 1965, ilirekodiwa kwenye klabu ya Lighthouse, California. Utaipenda kwa sababu ya Hang On Sloopy ambapo watu wanaimba wenyewe kiitikio, lakini kwa masomo yako ile ya kwanza inatosha.

Kisha nenda Wade in the Water ya 1966. Ni wimbo wa kiroho wa Wamarekani weusi, wa enzi za utumwa. Young na Holt walikuwa wameshaondoka. Kwenye besi yuko Cleveland Eaton, kwenye ngoma Maurice White, na nyuma kuna tarumbeta. Sikiliza jinsi piano inavyoongoza wimbo bila maneno, nawe ukawa kama unayasikia maneno.

Huyo Maurice White mshike, maana anakuleta hapo ulipo. Alinunua kalimba, kile chombo kidogo cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba, kwenye duka la ngoma Chicago, na kwenye albamu ya Another Voyage ya 1969 akaipiga katika wimbo walioupa jina la Kiswahili, Uhuru. Ndiyo ndugu wa ilimba ya Wagogo. Uko Dodoma, mtafute mzee anayepiga ilimba, umsikilize kwanza, halafu usikie Uhuru. Vidole gumba viwili, vyuma vichache, na bado kuna pumzi katikati ya noti. White alikuja kuanzisha bendi ya Earth, Wind & Fire, na mwaka 1974 akarudi kwa mkubwa wake wa zamani wakatoa Sun Goddess. Humo Lewis anapiga piano ya umeme, sauti laini inayoelea juu ya gitaa. Inapendeza mno, ila ije mwisho, kwa sababu kinanda chako cha umeme kitakushawishi uige mlio kabla hujaiga subira.

Nimekurushia pesa kidogo ya bando, upakue hizo nyimbo usiku. Mazoezi ya wiki hii yawe haya: ubeti mmoja wa wimbo wenu, mkono wa kulia unyamaze kila waimbaji wanapovuta pumzi, mguu ukihesabu mbili na nne.

Jumapili mwambie mwenzako anirekodie tena. Safari hii simu aiweke mbali na spika, karibu na safu ya kinamama.

Ni mimi baba yako