Mila ugenini hubebwa na daftari, si tamasha

Ndugu Mhariri,

Krismasi ikiisha na mabasi ya Dar es Salaam yakishaondoka stendi ya Moshi, lalamiko hubaki lilelile: wajukuu walikuja, wakala mtori, wakaondoka bila kumwelewa bibi yao akiongea Kichaga. Vikundi vyetu vya Wachaga wa mjini hujibu kwa kuandaa tamasha kubwa zaidi. Tunaona hapo ndipo wanapokosea, na tunaomba wawatazame watu waliotawanyika kutuzidi.

Wachamoru ni wenyeji wa Guam na visiwa vingine vya Mariana katika Bahari ya Pasifiki. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu zaidi ya 147,000 katika majimbo ya Marekani, wakiwamo wenye damu mchanganyiko. Guam kwenyewe walikuwa 59,000 hivi. Wengi walifuata ajira ya jeshi la wanamaji la Marekani, ndiyo maana koo zao ni nyingi San Diego, California. Lugha yao ilishajeruhiwa wakiwa nyumbani: mwaka 1922 watawala wa kijeshi wa Marekani waliipiga marufuku shuleni, kamusi zikachomwa moto.

Kilichovuka bahari pamoja nao ni chenchule'. Kwetu tungesema mchango, ila wao wana nidhamu zaidi. Familia ikifiwa, kila bahasha na kila sinia la chakula huandikwa: nani katoa, nini, kiasi gani. Mchango wa msibani una hata jina lake, 'ika. Deni hilo la wema hurithiwa, mtoto akalipa alichotendewa baba yake. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa California hulazimika kujua ukoo upi ni upi, na kufika kwenye rozari ya msiba ya usiku 9 mfululizo.

Akifika hufanya mannginge': huupokea mkono wa kulia wa mzee, akainama, akaugusisha puani, akasema ñot kwa mwanamume au ñora kwa mwanamke. Ni shikamoo ya vitendo. Haitaki ukumbi wala bajeti, na mtoto wa miaka 3 anaiweza.

Jikoni wana wali mwekundu, unaopikwa kwa mbegu za mzingifuri, mti ambao hata Zanzibar upo. Robo kikombe cha mbegu hurowekwa nusu saa katika vikombe 3 vya maji ya uvuguvugu, zikafikichwa kwa vidole mpaka maji yaive rangi, yakachujwa, ndipo vikombe 2 vya mchele vikapikwa kwa maji hayo pamoja na kitunguu na mafuta. Mbegu ikiponyoka chujio, mlaji ataitafuna kama changarawe. Kufikicha ni kazi ya mtoto kabisa. Nasi tunazo ndizi za mtori: mtoto amenye, na kila kitu kilichopo jikoni kitajwe kwa Kichaga mpaka chungu kiive.

Kosa jingine la vikundi vyetu ni kuchanganya. Kirombo, Kivunjo na Kimachame, lahaja tofauti za Kichaga, vinafundishwa Jumamosi moja, mwalimu akiogopa kuwaudhi wazazi, na mtoto hatoki na hata kimoja. Gaweni watoto kwa asili ya nyumba zao, hata kundi likiwa la watoto wanne.

Daftari la michango tayari mnalo. Tatizo ni kwamba lina jina na shilingi tu. Ongezeni safu tatu: ukoo, kijiji, na tukio lililochangiwa. Kijana asome orodha mbele ya wazee, kwa lahaja ya nyumba yenye msiba au harusi, na arekebishwe papo hapo akikosea jina. Na lisiwe kwenye simu ya mweka hazina peke yake, maana simu ikiibwa deni hupotea, na aliyechangia bila kukumbukwa haji tena. Nakala ya pili iandikwe kwa mkono kila Desemba, ibaki kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo nyumbani.

Wasomaji wako,
Moshi